Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Haya ni maneno tuliyoyasema mjini Kolwezi mbele ya familia zilizohama makwao, machifu, viongozi wa makanisa na misikiti, na wawakilishi wa akina mama na vijana. Waliohudhuria walituomba tuyachape ili wayasome tena pamoja na wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu zetu wapendwa, wazee wetu, akina baba, akina mama na vijana,

Tunawashukuru machifu waliotutangulia kufika, na akina mama walioacha soko ili kuketi nasi. Tunajua siku moja bila kuuza ni siku moja bila bukari. Kwa hiyo hatutapoteza muda wenu.

Leo tumekuja kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda litawashangaza: safari ya kifahari. Tunasema juu ya wageni matajiri wanaotoka ng'ambo kuja kutazama wanyama, wanaolala katika mahema yenye vitanda na maji ya moto, na kupanda ndege ndogo kutoka mbuga hata mbuga. Wengine wenu mtauliza: sisi tuliokimbia na sufuria moja kichwani tuna habari gani na watalii? Tunawaomba mtusikilize mpaka mwisho, kwa sababu jambo hili linawahusu ninyi kabla ya kumhusu mtalii yeyote.

Neno safari

Katika lugha yetu safari ni safari tu. Mwenye kwenda mazishini Likasi yuko safarini. Mchuuzi anayepanda treni kwenda Bukama kununua samaki yuko safarini. Na ninyi mliotembea usiku na watoto mgongoni mlikuwa safarini, ijapokuwa hamkuipanga safari hiyo wala kuipenda. Wazungu walilichukua neno letu wakalipa maana moja tu, ya kwenda kutazama au kuwinda wanyama. Sisi hatujasahau maana nyingine.

Nchi hii ya shaba imekuwa njia ya misafara kwa muda mrefu. Kule Bunkeya, katika teritwari ya Lubudi, mfalme M'siri alijenga mji wake katika karne ya 19. Yeye na watu wake, Bayeke, asili yao ni Unyamwezi, katika Tanzania ya leo. Wafanyabiashara wa pwani walifika kwake wakitafuta shaba, pembe za ndovu na watumwa. Lugha ya Kiswahili nayo ilipita katika njia hizo. Katika misafara ile mkubwa mmoja alipata faida, na wengi walibeba mizigo. M'siri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu waliotumwa kumchukulia nchi Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Tangu hapo, kila mara mgeni mwenye fedha anapofika, wenyeji wamejiuliza: safari hii nani atabeba na nani atabebwa?

Swali hilo ndilo swali letu la leo.

Kuna nini cha kutazama?

Watu wengi wanafikiri kwamba wanyama wako Tanzania na Kenya, na kwetu kuna mashimo ya kobalti tu. Si kweli. Kaskazini ya Kolwezi, ukifuata mto Lualaba kuelekea Bukama, unafika kwenye maziwa na mabwawa ya Upemba. Parki ya Taifa ya Upemba iliundwa mwaka 1939, wakati wa Wabelgiji, na ina zaidi ya kilomita za mraba 10,000. Inagusa majimbo matatu: Haut-Lomami, Haut-Katanga na Lualaba yetu. Upande wa kusini-mashariki iko Parki ya Kundelungu, iliyoundwa mwaka 1970, yenye maporomoko ya Lofoi ambako maji huanguka zaidi ya mita 300.

Juu ya uwanda wa Lusinga wako punda milia ambao wanahesabiwa kuwa wa mwisho wanaoishi huru katika Kongo yote. Tembo wamebaki wachache. Katika mabwawa kuna viboko, mamba na ndege wakubwa wa majini. Kuna pia paa wa majimaji aitwaye lechwe wa Upemba, ambaye hapatikani mahali pengine duniani. Mwaka 2025 wataalamu walichapisha picha yake akiwa hai, wakasema pengine waliobaki hawafiki 100. Hapo zamani walikuwa maelfu.

Kwa hiyo mali ipo. Tangu mwaka 2017 taasisi ya serikali inayosimamia parki, ICCN, inashirikiana na shirika la Forgotten Parks katika kuiinua Upemba. Mara nyingi tunawasikia watu wenye mamlaka wakisema kwamba Kongo nayo inapaswa kupata watalii kama majirani zake. Hatujui ni lini wageni watakuja kwa wingi. Lakini tunajua jambo moja: mipango ya namna hii huandaliwa miaka mingi kabla mgeni wa kwanza hajafika. Na wazee walisema: asiyekuwepo na lake halipo.

Safari ya kifahari inapangwaje?

Ni vizuri tuelewe jinsi wenye kazi hii wanavyofikiri. Mwenye kampuni ya safari hatafuti wageni wengi. Anatafuta wachache wanaolipa sana. Katika kambi za juu za Serengeti au Maasai Mara, mtu mmoja anaweza kulipa zaidi ya dola 1,000 kwa usiku mmoja. Nchini Rwanda, tangu mwaka 2017, kibali cha kukaa saa moja na sokwe wa milimani kwa mgeni wa kutoka ng'ambo ni dola 1,500.

Mgeni anayelipa hivyo hupanga safari yake miezi mingi mbele, wakati mwingine mwaka mzima. Anauliza kwanza juu ya majira. Kwetu mvua inaanza karibu na Novemba mpaka Aprili, na barabara zinakuwa matope, kwa hiyo atataka kuja kati ya Mei na Oktoba. Anauliza juu ya ndege, kiwanja, daktari na maji safi. Kisha anauliza swali linaloamua yote: je, ni salama? Anasoma maonyo ya serikali yake. Kampuni ya bima inasoma maonyo hayo hayo. Kama yanasema usiende, bima inakataa, na bima ikikataa, safari imekufa.

Tuseme kwa lugha nyepesi. Mgeni anafikiri kwamba ananunua simba na tembo. Kwa kweli kitu cha kwanza anachonunua ni utulivu. Na utulivu hautengenezwi Kinshasa wala London. Unatengenezwa na watu wanaoishi kando ya parki: mvuvi, mkulima, mchoma makala, chifu, kijana aliyeweka bunduki chini. Wao wakiwa na amani, mgeni anafika. Wakinyang'anywa, hakuna ukuta wala askari atakayeilinda kambi ya kifahari kwa miaka mingi.

Haya ndiyo maneno tunayotaka mrudi nayo nyumbani. Wenye kutengeneza utulivu wana haki katika faida ya utulivu. Si sadaka, ni haki.

Majeraha ambayo hatuwezi kuyaruka

Hatuwezi kuzungumza juu ya Upemba kama nchi tupu yenye mandhari nzuri. Wengi kati yenu mmetoka huko au kando yake: Mitwaba, Malemba-Nkulu, Bukama. Mnayajua kuliko sisi.

Parki ilipoundwa mwaka 1939, watu waliokuwa wakiwinda na kuvua humo waliambiwa kwamba kuanzia sasa ni marufuku. Mababu hawakuulizwa. Chuki ya kwanza ilipandwa hapo.

Kisha vikaja vita vya mwaka 1998. Wanamgambo wa Mai-Mai walipewa silaha ili wapigane na adui. Vita vilipokwisha, silaha zilibaki mikononi mwao na raia wakawa mawindo. Kati ya Mitwaba, Pweto na Manono watu walipaita mahali pale pembetatu ya mauti. Mwishoni mwa mwaka 2005 na mwanzoni mwa 2006, mapigano kati ya jeshi na Mai-Mai yaliwafukuza watu zaidi ya 100,000. Wengine walikwenda kuishi juu ya visiwa vya majani vinavyoelea ndani ya ziwa Upemba, mahali ambapo mtu hawezi hata kuchimba choo. Visiwa ambavyo mgeni angependa kuvipiga picha, kwa ndugu zetu vilikuwa kambi ya wakimbizi.

Gédéon Kyungu Mutanga, kiongozi wa Mai-Mai, alijisalimisha Mitwaba Mei 2006. Alitoroka gerezani Lubumbashi Septemba 2011, na moto ukawaka tena. Kufikia mwisho wa mwaka 2013 wakimbizi wa ndani katika Katanga yote walihesabiwa kuwa karibu 400,000. Walinzi wa parki nao waliuawa, na jamaa zao pamoja nao. Hao pia ni watoto wa nchi hii, na wajane wao wanastahili kulia pamoja na wajane wenu.

Na Kolwezi yenyewe inajua kufukuzwa. Wazee wanakumbuka Mei 1978. Wanakumbuka miaka ya 1992 na 1993, wakati ndugu zetu wenye asili ya Kasai walipolala kwenye stesheni za reli wakingoja treni ya kuwaondoa katika mji walimozaliwa. Wengine wamehamishwa bila risasi kulia: mwaka 2017 sehemu ya mtaa wa Kasulo iliondolewa kwa sababu chini ya nyumba kulikuwa na kobalti.

Tunayasema haya kwa sababu moja. Kuhama kuna milango mingi. Bunduki ni mlango mmoja. Mgodi ni wa pili. Hatutaki utalii uwe mlango wa tatu.

Majirani wanatufundisha nini?

Ndugu zetu wa Afrika Mashariki wametutangulia katika kazi hii. Tuwatazame bila kuwaonea wivu na bila kuwaiga ovyo.

Tuanze na Tanzania. Mwaka 1959 Wamaasai waliondolewa Serengeti ili iwe ya wanyama peke yao, wakaambiwa wakae Ngorongoro na mifugo yao. Miaka zaidi ya 60 baadaye, Ngorongoro nako wakaanza kuambiwa wahame. Mwezi Juni 2022, kule Loliondo, serikali iliweka alama za mipaka katika eneo la kilomita za mraba 1,500 ili liwe pori la akiba. Wafugaji walikataa. Watu walijeruhiwa, askari polisi mmoja aliuawa, na familia nyingi zilivuka mpaka kuingia Kenya. Tanzania ni nchi ya amani, yenye sifa ya utalii duniani kote. Hata hivyo watu wake walikimbia kwa sababu ya mstari uliochorwa kwa ajili ya wanyama na wageni. Tukumbuke hilo kila tunapoambiwa kwamba utalii wenyewe unaleta amani.

Twende Kenya. Kandokando ya Maasai Mara, wenye ardhi wameunganisha mashamba yao na kuyakodisha kwa kambi za watalii. Ardhi inabaki yao. Kila mwenye hati anapata kodi kwa ukubwa wa shamba lake, na ng'ombe wanaruhusiwa kulisha kwa zamu. Huo ni mpango mzuri, lakini tumeona kasoro mbili. Kwanza, hati nyingi zimeandikwa jina la baba, na mama anayelea watoto haioni fedha. Pili, mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege, kodi ilipungua. Aliyekuwa ameacha kila kitu na kutegemea mtalii peke yake, aliumia.

Uganda na Rwanda zina somo la fedha. Nchini Uganda sheria inaagiza kwamba asilimia 20 ya malipo ya mlangoni ya parki irudi kwa jamii zinazopakana nayo. Nchini Rwanda ilikuwa asilimia 5 ya mapato ya parki tangu mwaka 2005, ikapandishwa kuwa 10 mwaka 2017. Kuna manung'uniko kuhusu jinsi fedha hizo zinavyotumika, na hilo ni la kawaida. Lakini mwananchi akinung'unika ana namba ya kuishika mkononi. Asiye na namba hunung'unika hewani.

Mwisho, hapa hapa Kongo, tutazame Virunga. Parki ile ilikuwa imeanza kupokea wageni wengi. Mwezi Mei 2018 watu wenye silaha waliteka gari la watalii, wakamuua mlinzi, binti kijana, na kuwachukua Waingereza wawili pamoja na dereva wao. Waliachiliwa baada ya siku mbili. Lakini utalii ulifungwa mpaka mwaka uliofuata. Wapishi, wabeba mizigo na wauza mboga wote walikaa bila kazi kwa ajili ya tendo la dakika chache. Huo ndio udhaifu wa biashara hii: inajengwa polepole na inabomolewa asubuhi moja.

Tunachokijua tayari kutoka migodini

Msidhani kwamba hamjui kuzungumza na watu wenye fedha. Kolwezi imejifunza kwa uchungu, na elimu hiyo ni mali.

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema kwamba katika mrabaha unaolipwa na mgodi, jimbo linapata asilimia 25 na eneo la mahali, yaani mtaa, sekta au uchifu, linapata 15. Tena mgodi unapaswa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka. Na unapaswa kuandikiana na jamii hizo daftari la ahadi, ambalo wote hapa mnalijua kwa jina la Kifaransa, cahier des charges: shule ngapi, maji wapi, lini.

Mnajua pia mapungufu. Daftari lililoandikwa Kifaransa kigumu ambalo mama hawezi kulisoma. Kamati iliyochaguliwa gizani. Kisima kilichofunguliwa kwa ngoma na kukauka kabla ya Krismasi. Basi tumieni macho hayo hayo. Siku mtu akifika na mpango wa kambi ya watalii, aulizwe: daftari la ahadi liko wapi, na limeandikwa kwa lugha gani?

Mambo matano ya kupeleka mezani

Ndugu zetu, tumefikia kiini. Tunapendekeza mambo matano ambayo viongozi wenu wayapeleke mbele ya yeyote anayepanga safari za wageni katika nchi mlizotoka.

Jambo la kwanza ni wale ambao hawapo. Mipango mingi huanza kwa kuhesabu watu waliomo kijijini. Lakini kijiji kilichokimbia kinahesabiwa kuwa pori. Ramani inasema hapana mtu, na kambi inachorwa juu ya makaburi ya babu yenu. Kwa hiyo anzeni ninyi kuhesabu. Kila familia iandike: kijiji tulichotoka, jina la chifu, mto ulio karibu, shamba lilipakana na la nani, mti au jiwe la mpaka, mwaka tuliokimbia. Wazee waseme, vijana waandike, majirani wawili wathibitishe. Nakala moja ibaki nyumbani, moja kwa chifu, moja kanisani au msikitini. Daftari la shule linatosha. Mkataba wa Kampala, ambao Umoja wa Afrika uliupitisha Oktoba 2009, unataka serikali zilinde mali ya waliohama, na katika kifungu cha 10 unataka watu waarifiwe na kuulizwa kabla miradi haijawahamisha. Lakini haki isiyo na karatasi hulala njaa.

Jambo la pili ni mipaka ya kutembewa kwa miguu. Mpaka uliochorwa ofisini huzaa vita. Walinzi wa parki, machifu na wazee wa pande zote watembee pamoja, waonyeshane mito na vilima, na pale wasipokubaliana waandike kwamba hawajakubaliana. Ni afadhali ugomvi ulioandikwa kuliko amani ya uongo. Sheria ya Kongo ya mwaka 2014 juu ya misitu ya jamii inaruhusu jamii ya mahali kuomba msitu mpaka hektari 50,000 kwa jina lake. Machifu waulize jambo hilo mapema, kabla wengine hawajaomba.

Jambo la tatu ni chakula. Samaki wa Upemba wamelisha miji ya shaba tangu enzi za Union Minière. Mgeni akija, mvuvi atavua wapi? Mama ataokota kuni wapi? Majira gani ziwa lipumzike ili samaki wazae? Na tembo au kiboko akila shamba la mihogo, nani analipa, na ndani ya siku ngapi? Mtu aliyepoteza shamba lake usiku mmoja hawezi kuambiwa awapende wanyama kwa sababu Wazungu wanawapenda.

Jambo la nne ni fedha. Iandikwe asilimia, si maneno ya "tutawasaidia". Fedha ziingie katika akaunti inayotiwa saini na watu watatu, mmoja wao mama. Mara mbili kwa mwaka hesabu isomwe hadharani kwa Kiswahili, chini ya mti, na kila mtu aruhusiwe kuuliza. Waliobaki na waliohama wote wahesabiwe. Hapa tunawaonya kwa upendo: tumeona jamii zilizovumilia vita pamoja zikigawanyika kwa sababu ya mifuko ya sementi. Mkikubaliana namna ya kugawana kabla fedha hazijafika, mtaokoa undugu wenu.

Jambo la tano ni kazi na bunduki. Kazi za kambi si nyingi. Kambi ya wageni 20 haiwezi kuajiri teritwari nzima. Lakini vijana wa mahali wafundishwe kuongoza wageni, kutengeneza magari na kusimamia hesabu, wasiishie kufua mashuka. Wale walioacha bunduki wapewe nafasi, kwa ukweli na kwa uangalizi, na waliowaumiza watu wapatanishwe nao kwanza. Walinzi wa parki wawe na kanuni inayojulikana, na awepo mtu anayepokea malalamiko bila kumtisha mlalamikaji. Mlinzi anayempiga mvuvi leo anamwandalia mwanamgambo askari wa kesho.

Maneno kwa viongozi

Wapendwa machifu na wawakilishi, mtajaribiwa. Atakuja mtu mwenye gari zuri na bahasha, akiomba saini moja tu, leo leo, kwa sababu ndege inamngoja. Mwambieni hivi kwa heshima: kwetu mgeni anakaribishwa, anapewa maji, anaketi, ndipo anaeleza haja yake, nasi tunakwenda kuwaambia watu wetu, na tutarudi na jibu. Mpango mzuri hauharibiki kwa kungoja mwezi mmoja. Unaoharibika kwa kungoja haukuwa mzuri.

Na ninyi vijana, msikubali kutumwa kuchoma hema la mtu ili kiongozi fulani apate kusikilizwa. Virunga imetuonyesha nani aliyebaki bila kazi.

Sisi hatuwaahidi watalii. Pengine hawatakuja kwa miaka mingi, na wengine wenu hamtapenda kurudi mlikotoka. Hiyo ni haki yenu pia. Kuna hata mvutano mwingine: migodi inahitaji umeme, na mpango wa bwawa la Sombwe juu ya mto Lufira umeleta mabishano makubwa kuhusu maji ya Upemba. Lakini lije bwawa, uje mgodi, au waje wageni wenye kamera, daftari lenu la majina na mipaka litawafaa. Mkilianza leo, hamtakuwa mmepoteza kitu.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji ahame. Tusimame juu ya maneno hayo.

Amani ya Mungu ikae nanyi na nyumba zenu, hapa na kule mlikotoka.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika familia yetu, nani bado anakumbuka mipaka ya shamba tuliloliacha? Tutaketi naye lini kuandika?

2. Ni ahadi gani za mgodi au mradi zilizotimizwa katika mtaa wetu, na zipi hazikutimizwa? Kwa nini?

3. Kama fedha za wageni zingefika leo, nani angesahaulika katika kugawana: wajane, vijana, waliohama, watu wa kabila jingine?

4. Tuna ugomvi gani na walinzi wa parki au na majirani zetu ambao ni lazima tuuzungumze sisi wenyewe kabla mgeni hajafika?